Kitu gani cha kutia ndani ya mfarishi

Ninyi baba na mama mnaokaa mahali pa baridi, someni habari hii. Katika Lubumbashi, mwezi wa 6 na wa 7, usiku baridi hufika chini ya digrii 10. Katika Butembo na milima ya Lubero baridi ya usiku iko karibu mwaka mzima. Mtoto anayelala chini ya kitambaa chembamba haoni usingizi mzuri, na bulangeti zito la dukani lina bei kubwa. Lakini mfarishi unaweza kushonwa nyumbani.

Mfarishi ni nini? Ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, na katikati yake kitu laini cha kushika joto. Watu wengi huchagua kitambaa cha juu kwa bidii sana, wakitafuta rangi na maua, halafu hutia ndani cho chote walichopata. Wanakosa. Maua hayampi mtu joto.

Mfarishi wenyewe hautoi joto. Joto linatoka katika mwili wako. Hewa iliyotulia kati ya nyuzi ndiyo inayolizuia lisitoke. Basi kitu kizuri cha ndani ni kile kinachoshika hewa nyingi na kisicholala bapa upesi. Jaribu hivi: kamata konzi moja, ibane sana katika ngumi, halafu fungua mkono. Ikiinuka tena, ni njema. Ikibaki donge, hata katika mfarishi itakuwa donge.

Pamba ya shamba inafaa sana, lakini si kila pamba. Chagua ile nyeupe, iliyovunwa ikiwa kavu, isiyo na vipande vya majani. Pamba yenye madoa ya manjano imeharibiwa na wadudu wekundu wanaofyonza mbegu, na nyuzi zake ni dhaifu. Hiyo iweke kwa mto wa kukalia. Tena lazima kutoa mbegu zote, hata ile ndogo. Mbegu ina mafuta: ikivunjika ndani inatia doa katika kitambaa, na panya wakiisikia harufu watatoboa mfarishi wako usiku mmoja. Kama huna mashini ya kutoa mbegu, weka pamba kidogo juu ya ubao mgumu, ukabingirishe fimbo ya chuma juu yake. Nyuzi zinapita chini ya fimbo, mbegu inaruka mbele.

Inatakiwa pamba kiasi gani? Kilo 3 za pamba yenye mbegu hutoa karibu kilo 1 ya nyuzi. Mfarishi wa mita 2 kwa mita 1 na nusu una mita 3 za mraba. Kwa baridi ya milima tia gramu 300 katika kila mita ya mraba, yaani gramu 900. Basi kilo 3 za pamba ya shamba zinatosha mfarishi mmoja. Tangu mwaka 1917 wakulima wengi wa Kongo walilazimishwa kulima pamba, nao waliiuza kwa makampuni yaliyopewa ruhusa ya kununua katika kila eneo. Pamba iliondoka kijijini kwa magunia, na mtu alikwenda kununua bulangeti dukani. Yafaa kujua hesabu hii ya kilo 3.

Nyuzi zikiisha kutolewa mbegu, zichambue kwa vidole mpaka zifure. Mafundi wa magodoro wa India huzipiga kwa kamba ya upinde, zikapanda kama povu. Ni kazi ndefu, usiifanye kwa haraka. Zitandaze sawasawa, inua tabaka mbele ya mwanga, na pale unapoona mwanga mwingi ongeza kidogo.

Wengine watasema: Kwa nini taabu hii yote, na msufi uko pale, mti wenye miiba katika shina lake? Ni kweli, sufi haina kazi nyingi. Ni nyepesi kuliko pamba, kila uzi wake ni kama bomba tupu lililopakwa nta, na inashika joto sana. Haipendi maji, hata zamani iliwekwa katika fulana za kuwaokoa mabaharia. Lakini nyuzi zake ni fupi, zinateleza, hazishikani. Ukiishona katika mfarishi inateremka pembeni, na katikati unabaki na vitambaa viwili tu. Ukiifua inajikunja, na baada ya miaka inavunjika kuwa vumbi. Tena inashika moto upesi sana, na katika nyumba yenye moto wa kuni jambo hilo si dogo. Mimi naona mahali pake ni katika mto na godoro, ndani ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Unapoijaza, funga kitambaa puani na mdomoni.

Usichanganye sufi na sufu. Sufu ni ya kondoo, nayo inashika joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Lakini kondoo wetu wengi wana nywele fupi, zisizofaa. Sufu ya kununua ioshe kwa maji ya baridi, maana maji ya moto huikaza kama kofia. Tena nondo huila.

Siku hizi kuna poliesta pia. Ni nyepesi, hukauka upesi, haioti ukungu, nayo ni faida kubwa pale ambapo mvua haiishi. Ubaya wake ni kwamba katika moto inayeyuka na kugandama kwenye ngozi. Kama mwuzaji anakuambia, Hii ni pamba tupu, ichome nje uzi mdogo, maji yakiwa karibu. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele. Poliesta inaacha shanga ngumu nyeusi.

Mwenye franka chache achukue bulangeti kuukuu, alifue, alikaushe, alitie katikati. Halina haja ya kushonwa sana, kwa sababu limekwisha kufumwa. Lakini pamba ya mkono inataka mistari ya uzi iliyo karibu, sentimeta 5 tu kati yake, upana wa vidole vitatu. Mistari ikiwa mbali, kufua mara moja tu kutaikusanya kuwa madonge.

Mtoto asiyetimiza mwaka 1 usimfunike kwa mfarishi mzito: unaweza kuziba pua yake. Mvike nguo za joto.

Katika kufuliwa mara ya kwanza pamba hupungua, labda sentimeta 3 mpaka 5 kwa kila mita; basi kata mfarishi mkubwa kidogo. Uufue kwa maji ya baridi, usiukamue kwa kuusokota. Utandaze bapa juani juu ya majani safi, ugeuze saa sita. Usiutundike kwenye kamba ukiwa umelowa, maana uzito wa maji utavuta pamba yote upande wa chini.