Moyo wa mtoto ukisimamishwa, hatari nyingine huja damu inaporudi

Zamani msafara ulitumia takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, Tabora ya leo. Siku hizi mzazi wa Tabora mwenye mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, akipewa rufaa, husafiri njia hiyo kinyume: zaidi ya kilomita 800 kwa reli hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyopo Muhimbili.

Akifika huko, swali linalomtesa ni moja: watausimamishaje moyo wa mwanangu, kisha uamke?

Katika upasuaji wa kufungua moyo, mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Daktari hubana mshipa mkuu utokao kwenye moyo, kisha huingiza kwenye mishipa ya moyo wenyewe dawa ya maji, mara nyingi ya baridi, yenye potasiamu nyingi. Moyo unatulia. Msuli uliotulia na kupoa hutumia oksijeni kidogo sana, hivyo huvumilia kukaa bila damu wakati tundu linazibwa. Wazo la kutumia potasiamu lilianza London mwaka 1955, likaboreshwa kwa miaka mingi baadaye.

Wengi hudhani hatari inaishia pale kibanio kinapoachiwa. Sivyo. Damu ikirudi kwa kishindo, oksijeni inayoingia ghafla huzalisha kemikali zinazochoma kuta za seli, nayo kalsiamu hufurika ndani. Seli iliyovumilia kukosa damu inaweza kufa wakati huo huo inapopata nafuu. Ni kama mtu aliyekaa na njaa siku nyingi: hapewi sahani ya ugali, anaanzishwa kwa uji mwepesi.

Ndiyo maana dawa ile hurudiwa upasuaji ukiendelea, na damu ikirejeshwa presha yake hudhibitiwa. Kwa mtoto mchanga uangalifu ni mkubwa zaidi, kwa sababu msuli wa moyo wake bado haujakomaa katika kuidhibiti kalsiamu.

Hata mambo yakienda vizuri, moyo unaweza kuzubaa kwa saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Seli zipo hai, ila zinapiga kwa uvivu. Mama anayeingia ICU akaona mipira, mashine ya kupumulia na dawa za kuusaidia moyo zikidondoka polepole, asidhani lazima upasuaji umeshindikana. Aulize moyo unasukumaje leo kuliko jana. Ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Kabla ya kufika huko, dalili ziko nyumbani. Mtoto anayetoka jasho akinyonya, anayeacha ziwa kila mara ili apumue, asiyeongezeka uzito au mwenye midomo ya bluu apelekwe hospitali; kwa wakazi wa mjini, Kitete ipo. Jasho hilo wengi hulidhania joto la Tabora.

Wapo pia watoto waliozaliwa na moyo mzima, ukaharibiwa valvu na homa inayofuata mafindofindo yasiyotibiwa. Kwao sindano ya penisilini hutolewa kila wiki tatu au nne, kwa miaka, hata mtoto anapocheza mpira na wenzake kama kawaida.