Mnyonya Damu na Nzi

Wapenzi wa michezo ya kuigiza wana tabia nyingi za ajabu, lakini sijapata kuona iliyonistaajabisha kama ile ya wapenzi wa mchezo mmoja wa televisheni wa Marekani uitwao Dark Shadows. Watu hawa huupenda mchezo wao kwa moyo wote. Huyajua majina ya wachezaji na ya waandishi, na wako walioutazama toka mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara moja, ingawa una sehemu 1,225. Walakini wakikutana, jambo liwafurahishalo kuliko yote ni kuhesabu makosa yake. Huyu atasema aliona kivuli cha maikrofoni ukutani. Yule atasema aliona jiwe la kaburi likitikisika kama mgomba penye upepo. Wa tatu ataapa kwamba alimwona fundi wa taa amesimama ndani ya msitu wenye mizimu. Kisha wote hucheka mpaka machozi yawatoke.

Nataka kueleza mchezo huo ulikuwa nini, makosa hayo yalitoka wapi, na kwa nini nasema kicheko cha watu hawa si dharau. Jambo hili la kicheko limekileta taabu chama chetu cha michezo hapa shuleni, kama nitakavyoeleza mbele.

Mimi niliuona mchezo wenyewe wakati wa likizo kwa mjomba wangu, ambaye alirudi na diski zake kutoka masomoni. Wazee wetu wengi hawaujui, wala si ajabu. Ulionyeshwa huko Marekani tangu tarehe 27 Juni 1966 hadi tarehe 2 Aprili 1971, na siku hizo Tanzania bara hapakuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Tulingoja mpaka miaka ya 1990.

Michezo ya namna hii Wamarekani huiita michezo ya sabuni. Jina hilo lilitoka katika redio, kabla ya televisheni kuenea. Makampuni ya kutengeneza sabuni ndiyo yaliyolipia michezo ya mchana, ili akina mama waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani wasikilize hadithi na pamoja nayo matangazo ya sabuni. Mambo yake ni mapenzi, ndoa, urithi na ugomvi wa jamaa, na kila siku hadithi husimamishwa mahali ambapo msikilizaji hawezi kulala vizuri bila kujua yaliyofuata. Bwana Dan Curtis, aliyeubuni mchezo huu, aliichukua sabuni hiyo akaichanganya na kitu cha namna nyingine kabisa, yaani hadithi za kigothi.

Wenzangu wanaosoma fasihi ya Kiingereza watazijua hadithi hizo. Hapana budi kuwapo jumba kubwa la kale, familia yenye siri, picha ya babu ukutani, mshumaa unaozimika wenyewe, na mvua ya radi. Horace Walpole aliandika ya kwanza katika mwaka wa 1764. Katika Jane Eyre, kilichotoka mwaka wa 1847, msichana maskini huenda kufundisha mtoto katika jumba la tajiri, na humo darini mna siri. Na Dracula cha Bram Stoker kilitoka mwaka wa 1897. Bwana Curtis alisema kwamba aliota ndoto juu ya msichana anayesafiri kwa treni kwenda kwenye jumba kubwa, na ndoto hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa mchezo. Msichana huyo akapewa jina la Victoria Winters, yatima, naye akafika katika mji wa kubuni uitwao Collinsport, jimbo la Maine, kumfundisha mtoto wa ukoo wa Collins. Bibi wa jumba, aliyechezwa na Joan Bennett, nyota wa sinema wa miaka mingi, hakuwa ametoka nje ya kiwanja chake kwa miaka kumi na minane, kwa kuwa aliamini ya kwamba alimwua mumewe na kwamba maiti yake imezikwa chini ya nyumba. (Baadaye ilijulikana kuwa mume hakufa kabisa. Miaka kumi na minane bure!)

Mwanzoni watazamaji walikuwa wachache, na mchezo ulikuwa karibu kufutwa. Waandishi wakaleta mizimu. Kisha, Aprili 1967, mwizi mmoja aitwaye Willie Loomis akaenda makaburini kutafuta vito, akakuta jeneza lililofungwa minyororo, akalifungua. Mkono ukatoka ukamkaba koo. Ndivyo alivyoingia Barnabas Collins, mnyonya damu, na tangu hapo mchezo ukawa wake.

Wasomaji wasimchanganye na mumiani tunayetishwa naye tukiwa wadogo. Mumiani husemwa huchukua damu akaiuze. Barnabas hunywa mwenyewe, na kila mara hujuta. Katika ujana wake alimkataa mwanamke mmoja aitwaye Angelique kwa sababu alimpenda mwingine, wala hakujua kwamba Angelique ni mchawi; akalaaniwa, akawa mfu asiyekufa. Kujuta huko ndiko kulikowavuta watu. Jonathan Frid, Mkanada aliyekuwa amezoea kucheza michezo ya Shakespeare jukwaani, aliajiriwa kumcheza Barnabas kwa majuma machache tu, kisha auawe. Barua za watazamaji zikaja kwa wingi hata ikawa haiwezekani kumwua. Akabaki mpaka mwisho. Kwa muda mrefu mchezo ulionyeshwa saa kumi alasiri, na watu waliokuwa watoto siku hizo husimulia jinsi walivyotimua mbio kutoka shule ili wasikose kumwona.

Sasa tuje kwenye vichekesho, ambavyo ni vya namna mbili. Namna ya kwanza imo katika hadithi yenyewe. Barnabas alibisha hodi kwenye jumba akasema yeye ni binamu kutoka Uingereza. Amevaa joho, ameshika mkongojo wenye kichwa cha mbwa mwitu cha fedha, haonekani kamwe mchana, na sura yake ni ile ile ya picha ya zamani iliyotundikwa hapo hapo mlangoni. Jamaa wakaitazama picha, wakamtazama mgeni, wakasema, ajabu, jinsi mnavyofanana! Wakampa nyumba akae. Wapenzi wa mchezo hawachoki kulicheka jambo hili. Tena huuliza ni nani anayefagia jumba kubwa kama lile, maana mtumishi aonekanaye sana ni mmoja tu, mama wa makamo mwenye hasira. Na hubishana juu ya umri wa Barnabas, kwa kuwa mwanzoni hadithi ilidokeza kwamba aliishi miaka ya 1830 na kitu, na baadaye waandishi wakaamua kuwa mambo yake yalitokea mwaka wa 1795.

Namna ya pili ni makosa ya wachezaji na mafundi, na hapa yafaa tufahamu kazi ilivyofanywa. Kila siku ya kazi ilipasa kutengeneza sehemu moja ya nusu saa, siku tano kwa juma. Asubuhi wachezaji walifanya mazoezi katika studio ndogo mjini New York, alasiri wakarekodi, na jioni wakaenda nyumbani kujifunza maneno ya kesho. Kanda za picha za wakati huo zilikuwa na upana wa inchi mbili, tena za bei kubwa. Kuondoa kosa kulitaka kuikata kanda yenyewe kwa wembe na kuiunga, kazi ngumu yenye gharama. Kwa hiyo walirekodi mfululizo kana kwamba ni matangazo ya moja kwa moja, wala hawakusimama ila kwa msiba mkubwa. Mchezaji akisahau maneno, aendelee. Mlango ukikataa kufunguka, aendelee. Popo wa mpira aliyening'inizwa kwa uzi akionekana pamoja na uzi wake, basi, ameonekana.

Siku moja nzi alitua usoni pa Barnabas alipokuwa akisema maneno ya kutisha. Nzi hakujua kwamba huyu ni mfu anayeogopwa na mji mzima, alitembea atakavyo. Frid hakumfukuza wala hakucheka. Alisema maneno yake mpaka mwisho. Siku nyingine, majina ya wachezaji yalipokuwa yakipita juu ya picha ya sebule tupu, Frid mwenyewe alikatiza mbele ya kamera akiwa amebeba nguo zake, tayari kwenda nyumbani, asijue kwamba bado wanarekodi.

Frid alipata shida sana ya kushika maneno kwa moyo, na maneno yalikuwa mengi kwa kila siku. Kando ya kamera iliwekwa mashine iliyoonyesha maandishi kwa herufi kubwa, naye kila mara macho yake yalikwenda huko. Ukishaambiwa, huwezi kuacha kuyaona. Barnabas asema na mpenzi wake, lakini macho yamekwenda upande, yanatafuta kitu kwa wasiwasi. Wapenzi wa mchezo hulicheka jambo hili kuliko yote, na papo hapo watakuambia kwamba macho hayo ndiyo yaliyomfanya Barnabas aaminike. Mtu aliyetoka jeneza la karne nyingine, akijisingizia kuwa binamu, akiogopa kila dakika kugunduliwa, angetazama namna gani? Mimi nakubaliana nao. Nilipoangalia kwanza nilidhani ni ustadi.

Kuna jambo lingine lililonigusa. Wachezaji wale hawakufikiri kwamba kuna mtu atakayeyaona makosa yao mara ya pili. Michezo mingi ya sabuni ya siku hizo ilifutwa, kanda zikatumiwa tena kwa mambo mengine. Kosa la Jumatatu lilikuwa limekufa Jumanne. Lakini kanda za mchezo huu zilihifadhiwa karibu zote. Katika zile sehemu 1,225 ni moja tu iliyopotea, nayo ikaundwa upya kwa sauti iliyokuwa imerekodiwa pamoja na picha zisizotembea. Kwa hiyo kosa la nusu dakika, lililofanywa na mtu aliyechoka alasiri moja ya mwaka wa 1968, hata leo laweza kusimamishwa, kurudishwa nyuma na kutazamwa mara kumi.

Hili laweza kuwa jambo la kikatili. Muhula uliopita chama chetu kilicheza mchezo mbele ya wazazi. Mwenzetu wa kidato cha pili, aliyekuwa mfalme, ndevu zake zilidondoka alipokuwa akitoa hukumu. Ukumbi mzima ulicheka. Yeye akainama, akaziokota, akazibandika, akaendelea na hukumu yake mpaka neno la mwisho, naye alikuwa na maneno mengi kuliko sisi sote. Lakini bwenini walimwigiza kuinama kwake kwa majuma matatu, na hakuna aliyekumbuka kuigiza kuendelea kwake. Sasa amejitoa katika chama, na wengine wamemfuata. Muhula ujao tumeahidi mchezo mwingine, na hata ninapoandika haya hatuna mfalme.

Rafiki yangu mmoja asema kicheko ni kicheko tu, na asiyetaka kuchekwa asipande jukwaani. Mimi sioni hivyo. Kuanzia mwaka wa 1983, na kwa miaka mingi baadaye, wapenzi wa Dark Shadows walikuwa wakifanya mkutano wao, na wachezaji wa zamani wakaalikwa. Filamu za makosa zilionyeshwa hapo mbele ya wenyewe waliokosea, nao wakacheka pamoja na watu, wakaeleza kilichotokea nyuma ya kamera, kisha wakapigiwa makofi kwa kusimama. Frid naye alihudhuria. Watu wale walijua alivyokesha na maneno yake; walijua kwamba kila kosa walilolipenda lilikuwa na mtu ndani yake aliyekataa kusimama. Mwaka wa 2012, Tim Burton alipotengeneza sinema ya hadithi hiyo, Frid alionekana kwa nukta chache kama mgeni katika karamu, na watu walioijua sura yake walimtafuta katika umati. Alifariki Aprili mwaka huo, sinema ilipokuwa bado kutoka.

Namna yao ya kucheka haihitaji kufundishwa sana. Mtu hucheka nzi, halafu husema, lakini mlimwona alivyomaliza? Hilo neno la pili ndilo ambalo ukumbi wetu haukulisema, wala bweni. Nimelisema mimi kwa mwenzetu wa kidato cha pili, hajanijibu bado.

Nimalize kwa sehemu ya mwisho kabisa, ya tarehe 2 Aprili 1971, ambayo mjomba aliniwekea usiku wa mwisho wa likizo. Watu wa jumbani wanamkuta msichana mmoja ameumwa shingoni, alama mbili za meno, na wote wanashtuka: amerudi mnyonya damu! Mtazamaji aliyevumilia miaka mitano anakaa sawasawa kitini. Ndipo sauti ya msimulizi inapokuja taratibu na kueleza kwamba hapana, safari hii alikuwa mnyama tu, msichana alipona, na jamaa wote wakaishi salama. Mjomba alicheka, ingawa ameiona, asema, mara sita.