Megawati peke yake haziwashi taa

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo zikazidiwa na mzigo, zikazima nazo. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka ghafla na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona.

Mhandisi hamlaumu mnyama. Huuliza kwa nini hitilafu ya mahali pamoja iliangusha gridi nzima. Kanuni ya kazi yetu wahandisi ni kwamba kifaa chochote kimoja kikitoka, vilivyobaki vibebe mzigo. Mashine kubwa ikizima, mizunguko ya umeme hushuka chini ya 50 kwa sekunde, na akiba ya umeme huwa na sekunde chache tu za kuitika. Isipotosha, mitambo ya kujikinga hukata baadhi ya wateja ili kuokoa waliobaki. Mitambo hiyo nayo ikichelewa, mashine hujizima moja baada ya nyingine.

Kuna pia hesabu ya utoshelevu, yaani kama mashine zilizopo zinatosha mahitaji. Chukua mashine mbili za megawati 100, kila moja mbovu siku 10 katika 100. Mahitaji yakiwa megawati 100, upungufu huja zinapolala zote mbili, yaani siku 1 kwa wastani. Mahitaji yakifika 200, siku za upungufu ni 19. Sasa weka badala yake mashine moja ya megawati 200, yenye ubovu uleule: hata kwa mahitaji ya 100, utakosa umeme siku 10. Megawati ni zilezile!

Lakini hesabu hiyo inadhani ubovu wa mashine moja hauigusi nyingine, na hapo ndipo wengi hukosea. Bwawa la Julius Nyerere, Tanzania, lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Zote hunywa mto mmoja, Rufiji, na umeme wake hupita njia ya kilovoti 400 kwenda Chalinze. Ukame au hitilafu ya njia hiyo haichagui mashine.

Kwa hiyo mkitangaziwa mradi mpya, msiishie kuuliza una megawati ngapi. Ulizeni pia: ukizima wote saa moja usiku, nani ataubeba mzigo wake?