Doa Jeusi Machoni: Lini Tutulie, na Lini Tukimbilie kwa Daktari

Hapana kiungo ambacho mfanyakazi hukitumia kwa saa nyingi kuliko jicho, wala hapana kiungo ambacho hukifikiria kwa uchache kama hicho, mpaka siku kitakapomletea matata. Dereva, fundi cherehani, karani, mwalimu, mkata mkonge na seremala, wote hao wanaishi kwa macho yao. Yafaa basi tuyazungumze macho leo, na tuanze na jambo moja ambalo huwatia wengi hofu, nalo ni vile vitone na nyuzi nyeusi zinazoelea mbele ya jicho.

Mtu hutazama ukuta mweupe, au mbingu wakati wa mchana, mara akaona kitu mfano wa mbu, au uzi, au utando wa buibui, kikipita. Akikifuata kwa jicho hukimbia. Akilituliza jicho nacho hushuka polepole. Hupangusa miwani, hufikicha jicho, huosha uso, na kitu kiko palepale. Madaktari wa kale wa Ulaya walikiita kwa Kilatini "nzi warukao", na jina hilo lafaa sana, maana wako watu ambao wameinua mkono kumfukuza nzi asiyekuwapo.

Asili yake si uchawi, wala si taka iliyoingia kwa upepo. Jicho ni mfano wa mpira mdogo. Mbele lina kioo angavu, kisha tundu la mboni lipitishalo mwanga, na nyuma yake lenzi. Ukuta wa ndani, upande wa nyuma, umetandikwa utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Kati ya lenzi na retina kumejaa ute mzito ulio angavu, nao huchukua kama sehemu nne katika tano za jicho lote. Ute huo karibu wote ni maji, ila umeshikamanishwa na nyuzi nyembamba mno. Katika ujana nyuzi hizo zimetandazika sawasawa, na mwanga hupita bila kizuizi. Umri unapoendelea, ute huanza kuyeyuka na kusinyaa, na zile nyuzi hujikusanya mafungumafungu. Mwanga unapoyapiga mafungu hayo, hutupa kivuli juu ya retina. Basi yule mbu hayuko nje. Ni kivuli cha kitu kilicho ndani ya jicho lenyewe. Ndiyo sababu kufikicha hakumwondoi.

Mara nyingi jambo hilo halina madhara. Watu wengi waliopita miaka 50 hulipata, na wale wasioona mbali bila miwani hulipata mapema zaidi. Baada ya wiki au miezi, vitone hutua chini na ubongo hujizoeza kuvipuuza. Hapana dawa ya matone iliyothibitika kuviyeyusha, na mfanyakazi asipoteze mshahara wake kumnunulia muuzaji wa barabarani anayedai kwamba anayo. Upasuaji wa kuutoa ute huo upo, lakini una hatari zake, na madaktari huufanya kwa wachache ambao wamezuiwa kabisa kufanya kazi zao.

Lakini msomaji asifunge gazeti hapa, maana kuna sehemu ya pili, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike. Ziko dalili tatu ambazo hazingoji kesho. Ya kwanza ni vitone vingi vipya vinavyotokea kwa ghafula, kama masizi au pilipili manga iliyomwagwa mbele ya jicho. Ya pili ni mimweko ya mwanga pembeni mwa jicho, kama umeme wa mbali, ambayo huonekana hata gizani. Ya tatu ni kivuli kinachoingia kutoka upande mmoja kama pazia linalovutwa. Mtu akiona mojawapo, na amwone daktari wa macho siku ile ile.

Sababu ni hii. Ute unaposinyaa hubandukana na retina. Mahali uliposhika sana huivuta, na kule kuvutwa ndiko kunakoonekana kama mimweko. Ukiivuta zaidi, huichana. Damu kidogo huweza kumwagika, na ndiyo yale masizi. Kisha maji hupenya katika ule ufa na kuibandua retina kutoka ukutani, kama karatasi inavyobanduka kwa unyevu. Na retina iliyobanduka hukosa lishe yake na huanza kufa. Wala mtu hasikii maumivu yoyote. Laiti jicho lingeuma, watu wangekimbia, kwa kuwa haliumi, husema, "Nitakwenda nikipata nafasi."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili maneno yao ni ya kweli kwa herufi zake. Hapo zamani, retina iliyobanduka ilikuwa ni upofu usio na dawa. Ni daktari Jules Gonin wa mji wa Lausanne, Uswisi, aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba chanzo chake ni ule ufa, na kwamba ukitafutwa na kuzibwa, jicho huweza kupona. Leo ufa ulio peke yake huzungushiwa makovu kwa miale ya leza au kwa ubaridi mkali, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Retina ikishabanduka inahitaji upasuaji mkubwa. Kama sehemu yake ya katikati, ile itumikayo kusoma na kutambua nyuso, haijabanduka, kuna matumaini makubwa. Ikishabanduka, kuona hakurudi kikamilifu mara nyingi. Tofauti kati ya hali hizo mbili huweza kuwa siku chache tu.

Hapo ndipo penye shida kwa mtu aliye mbali na mji. Zahanati haina chombo cha kuipima retina, kwa kuwa daktari hana budi kuipanua mboni kwa dawa na kuchungulia kwa taa maalumu. Mgonjwa asirudi nyumbani na chupa ya matone. Aeleze waziwazi ameona nini, jicho gani, tangu siku gani, kisha aombe barua ya kwenda hospitali kubwa yenye madaktari wa macho, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam au KCMC mjini Moshi. Na msimamizi wa kazi anayeombwa ruhusa kwa sababu kama hiyo asimwambie mtu angoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi huenda jicho limekwisha.

Ama kuhusu maradhi mengine ya macho, yafaa vilevile tujue lipi lina haraka na lipi halina. Mtu wa miaka 40 na kitu anayeliweka gazeti mbali ili alisome hana ugonjwa. Lenzi yake imekuwa ngumu kwa umri, na miwani ya kusomea yatosha. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyofanya ukungu, naye hutolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa lenzi ya bandia. Lenzi ya kwanza ya namna hiyo iliwekwa mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas', London, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita havikudhuru macho yao. Hapana haja, basi, ya mzee kuketi gizani akidhani ni mapenzi ya uzee.

Presha ya jicho ni adui wa namna nyingine. Aina yake iliyo ya kawaida haiumi, nayo hula upande wa kuona polepole. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki chaweza kulindwa kwa dawa au upasuaji. Aliyefika miaka 40, hasa mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka hivyo, na apimwe. Vikope navyo huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wafuatao tongotongo za watoto. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1995, ulionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu safi walipatwa kwa uchache na vikope vikali.

Kazini, mchomelea vyuma na anoaye kwa jiwe la umeme wavae miwani ya kukinga macho, hata kwa kazi ya dakika moja. Mkata mkonge akumbuke mwiba ulio kwenye ncha ya jani. Aliyerukiwa na chokaa, saruji au asidi aoshe jicho kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 20, hapo hapo, kabla ya kwenda popote. Kitu kilichochoma jicho kisichomolewe; lifunikwe bila kugandamizwa, mtu apelekwe hospitali. Na utomvu wa majani, maziwa au mkojo visitiwe jichoni kamwe, kwa kuwa huleta vidonda vinavyoacha kovu juu ya kioo cha jicho.

Jambo la mwisho ni rahisi, na halina gharama. Kila mtu afunike jicho moja kwa kiganja, atazame kwa lile lingine, kisha abadilishe. Wako wengi waliolipoteza jicho moja zamani bila kujua, kwa sababu jicho zima lilikuwa likiwafanyia kazi ya mawili. Fanyeni hivyo leo, na wafanyieni wazee na watoto nyumbani. Atakayeona kivuli upande mmoja, au masizi yaliyoanza jana, asiulize jirani. Ashike njia ya hospitali.