Masta Silinda ya Breki: Kuibadili na Kutoa Upepo Nyumbani

Masta silinda ndiyo pampu inayogeuza nguvu ya mguu kuwa shinikizo la mafuta. Hukaa chini ya boneti upande wa dereva, imefungwa kwenye busta, lile duara kubwa la bati linaloongezea mguu nguvu, na juu yake kuna kikopo cha plastiki cha mafuta ya breki. Pedali ikikanyagwa, kijiti cha busta husukuma pistoni mbili zilizofuatana ndani ya silinda, nazo husukuma mafuta kwenye paipu mpaka magurudumuni. Pistoni ni mbili kwa sababu njia za mafuta nazo ni mbili: moja ikipasuka, nyingine hubaki na breki, japo dhaifu. Katika magari mengi madogo yanayovutwa na matairi ya mbele njia hizo hupishana, tairi la mbele la kulia likiwa pamoja na la nyuma la kushoto.

Kinachokufa ndani ya silinda kwa kawaida ni raba za pistoni. Dalili yake kuu haifichiki: mguu ukikandamiza pedali bila kuachia, kama dereva anayesubiri taa za barabarani, pedali huzama polepole kuelekea sakafuni ilhali hakuna tone lililodondoka chini ya gari. Mafuta hayajatoka, yanarudi nyuma yakipita pembeni mwa raba zilizolika. Ikiwa mafuta yanapungua na uvujaji hauonekani popote, kuna uwezekano yanaingia ndani ya busta kupitia raba ya mwisho, na alama ya unyevu huonekana pale silinda inapokutana na busta. Dalili nyingine zina wakosaji wengine. Pedali ngumu kama jiwe humshitaki busta. Pedali inayobonyea kama sponji ina upepo ndani. Inayoanzia chini lakini hupanda ikipigwapigwa mara nyingi inadai breki za nyuma za dramu zikazwe. Wengi hununua masta silinda kabla ya kuuliza maswali haya, na pesa hupotea.

Mafuta ya kutumia huandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4, ambavyo ni viwango vya Marekani. DOT 3 mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 chini ya 230. Yakishanyonya maji, nyuzi hizo hushuka hadi 140 na 155. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana chupa iliyokaa wazi kwa miezi haifai, hasa katika miji ya pwani. Yakichemka kwenye mteremko mrefu hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Mafuta ya injini au ya usukani hayaingii kabisa: kiasi kidogo tu huvimbisha raba za mfumo mzima, na kazi ya silinda moja hugeuka kuwa ya silinda zote.

Kufungua kwenyewe si kazi ndefu. Injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa ili nguvu ya busta iishe, kisha mafuta ya kwenye kikopo hunyonywa kwa bomba la sindano. Matambara hutandazwa pembeni kwa kuwa mafuta haya hula rangi ya gari. Yakidondoka huoshwa kwa maji mengi papo hapo. Nati za paipu ndizo zenye fitina. Ni laini, na spana ya kawaida yenye mdomo wazi huzivua kona. Inafaa ile inayokumbatia nati pande zote, ikiacha upenyo wa kupitisha paipu tu. Paipu zikitoka huzibwa zisidondoshe mafuta, halafu nati mbili za kwenye busta hufunguliwa na silinda huvutwa mbele. Kabla ya mpya kwenda mahali pake, hulinganishwa na ya zamani: urefu, matundu, na kina cha shimo linalopokea kijiti cha busta. Kijiti kikikandamiza pistoni muda wote, breki zitashika zenyewe na kupata moto.

Hatua inayorukwa mno ni kutoa upepo kabla silinda haijafungwa garini. Silinda mpya hubanwa kwenye jiliwa, ikiwa imelala sawa, mipira miwili mifupi huunganishwa kwenye matundu yake, na ncha zake hurudishwa kikoponi zikiwa zimezama kwenye mafuta mapya. Pistoni husukumwa taratibu kwa kijiti butu na kuachiwa taratibu, tena na tena, hadi mapovu yaishe. Upepo uliobaki humo una ukaidi, na kuufukuza kupitia magurudumu huweza kumaliza chupa nzima.

Silinda ikishafungwa, nati za paipu huanzwa kwa vidole ili zisipande uzi vibaya, ndipo zikazwe kwa spana. Kisha hufuata magurudumu, kwa kawaida kuanzia lililo mbali zaidi na silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma la kushoto. Kitabu cha gari kikitaja utaratibu mwingine, hicho ndicho cha kufuata. Mpira mwangavu huvalishwa kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake ikizama katika chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi hukanyaga na kushikilia, skrubu hulegezwa robo mzunguko, mapovu hutoka, skrubu hukazwa, ndipo msaidizi huachia. Akiachia mapema, upepo hurudi ndani. Kikopo huongezwa mafuta kila baada ya mikanyago michache. Kikikauka, kazi huanza upya.

Mwishowe pedali hujaribiwa injini ikiwa imezimwa: iwe ngumu na isimame juu. Injini ikiwashwa hushuka kidogo kwa nguvu ya busta, kisha hubaki pale pale hata ikikandamizwa dakika nzima, na nati zote hukaguliwa kwa tambara kavu. Ikibaki laini baada ya kurudia mzunguko wote, gari halitoki. Lenye ABS huenda limeshika upepo ndani ya pampu yake, na baadhi huhitaji mashine ya fundi ya kuizungusha. Pedali ikikubali, jaribio la kwanza ni mwendo wa mtu anayetembea, penye tambarare, mkono ukiwa karibu na breki ya mkono.