Kadi Iliyopita Tumboni mwa Tembo

Mwambie mtu kwamba kadi aliyoishika imetengenezwa kwa kinyesi cha tembo, uone atakavyofanya. Kwanza ataipeleka puani, kisha atacheka. Nimeyaona hayo hapa Mkuyuni na Morogoro mjini, tena kwa watu waliosoma, na yananiudhi. Kadi ile hainuki, labda harufu hafifu ya nyasi kavu. Na anayecheka hujinyima swali lenye maana: tumbo la tembo limefanya nini hadi majani na magome yakaweza kugeuzwa karatasi?

Kabla ya kulijibu, tuitazame kadi yenyewe. Biashara ya kadi za salamu ilianza kidogo sana. Mwaka 1843 jijini London, Henry Cole alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi ili asihangaike kumwandikia barua kila rafiki. Zilichapwa nakala zipatazo 1,000, na alizobakiza zikauzwa shilingi moja moja. Joyce Hall aliingia Kansas City, Marekani, mwaka 1910 akiwa kijana wa miaka 18 na maboksi mawili ya viatu yaliyojaa postikadi. Mwaka 1915 moto uliteketeza bidhaa zake zote, akaanza upya, na biashara hiyo ndiyo inayoitwa leo Hallmark. Hao wamesimuliwa vya kutosha. Wa kwetu Iringa hawajasimuliwa hata nusu yake.

Neema Crafts ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Mwanzilishi wake, Susie Hart, alitoka Uingereza na ujuzi wa sanaa za mikono, akaanza na vijana watatu viziwi, akiwafundisha kutengeneza karatasi. Ndiyo hiyo tu. Hapakuwa na mtambo wa mamilioni. Malighafi ilikuwa vitu ambavyo watu huviruka njiani: mabaki ya mimea, karatasi zilizokwisha kutumika, na kinyesi cha tembo. Kutoka kwenye karatasi hizo zikaja kadi, na kutoka kwenye kadi ukaja mshahara wa watu ambao jamii ilizoea kuwahesabu kama mzigo wa ndugu zao. Baadaye zikaongezeka karakana za kufuma, kushona na ushanga, na mgahawa unaohudumiwa na viziwi, ambako mteja asiyejua lugha ya alama huandika anachotaka kwenye karatasi. Idadi ya watu wenye ulemavu waliopata kazi pale ilivuka 100. Nikisikia kiongozi anasema hakuna mtaji wa kuwasaidia vijana wenye ulemavu, huwa namkumbuka tembo, maana hakuna aliyemlipa.

Sasa turudi tumboni. Tembo mkubwa hula kilo 150 hivi za chakula kwa siku: nyasi, majani, matawi, magome. Hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe, wala hacheui. Ng'ombe huirudisha nyasi mdomoni, akaisaga tena hadi ikawa laini, ndipo vijidudu vya tumboni vikamaliza kazi. Tembo hutafuna mara moja kwa magego yake makubwa, akameza, na uchachushaji unafanyika mwishoni, kwenye utumbo mpana, huku chakula kikiwa njiani kutoka. Ndiyo maana anameng'enya chini ya nusu ya anachokula. Sehemu laini za mmea, zile za sukari na utomvu, zinameng'enywa. Zile ngumu zinapita. Ukilipasua bonge la kinyesi kikavu utaona nyuzi zenyewe, nyingine ndefu kama kidole, zikiwa zimekatwakatwa na kupondwa bila mashine. Kiwanda kikubwa cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi, kinahitaji magogo, mashine za kuyakata vipandevipande na moto wa kuyapika. Sehemu ya kazi hiyo tembo ameifanya kwa joto la mwili wake.

Iliyobaki ni ya binadamu, na wengi hawajui kuwa ndiyo nzito. Kinyesi hulowekwa na kuoshwa tena na tena mpaka maji yatoke meupe. Kisha nyuzi huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na magadi soda, ambayo hulainisha ile gundi ya asili inayozishikanisha ndani ya mmea; moto huo huo ndio unaoua vijidudu. Mwenye wasiwasi wa uchafu aelewe hapo: kilichobaki kwenye kadi ni uzi wa mmea uliopikwa zaidi kuliko mboga yoyote jikoni kwake. Baada ya kupikwa nyuzi zinapondwa zikawa rojo, mara nyingi zikichanganywa na karatasi kuukuu ili ziwe na nguvu, halafu rojo linamiminwa kwenye beseni kubwa la maji.

Hapa ndipo penye ufundi. Fundi huzamisha fremu yenye wavu, akaiinua ikiwa imelala sawasawa, akaitikisa kidogo mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mtikiso huo unazipanga nyuzi zipishane. Akichelewa kuitikisa, maji yanakuwa yameshachuja, na karatasi itachanika upande mmoja. Tabaka lile la maji maji hugeuzwa juu ya kitambaa, linakamuliwa kwa uzito, linaanikwa. Maji yanapokauka nyuzi zinavutana na kushikana zenyewe, bila gundi yoyote. Kanuni hiyo ni ile ile waliyoitumia mafundi wa Uchina karne nyingi zilizopita, na ndiyo inayoshikilia gazeti la leo.

Lakini sitaki mtu asome hapa akaingia porini na magunia. Kinyesi cha tembo kina kazi yake. Kimebeba mbegu za miti ambazo tembo amezisafirisha kilometa nyingi, na mbawakawa hukizika ardhini kikawa mbolea. Kukizoa chote ni kuunyima msitu. Tena hifadhini hakuchukuliwi kitu bila ruhusa. Kwale, Kenya, wenye ardhi wa Mwaluganje waliitenga kwa ajili ya tembo katika miaka ya 1990, na karatasi za kinyesi zikawa mojawapo ya bidhaa zinazouzwa kwa wageni. Mpango wa namna hiyo unamfaa mtu wa Kisaki, mwisho wa barabara hii yetu inayopita Mkuyuni na Matombo, ambako tembo anajulikana kwa kumaliza mahindi shambani. Mnyama anayekula shamba lako huku hakuachii hata senti, utampendaje?

Sisi wa Mkuyuni hatuna tembo, tuna migomba. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha unakatwa, na shina lake lina nyuzi ndefu kuliko za kinyesi chochote. Hupikwa na kupondwa kwa njia ile ile. Lisichukuliwe shina zima: haya mashamba yetu yako kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, na mgomba uliolazwa chini huzuia udongo usiteremke mtoni kwenda Ruvu, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Maganda ya nje yanatosha. Ila leo tunayaacha yote yaoze, halafu kwenye harusi tunanunua kadi za mchango zenye plastiki na vumbi la kung'aa, zilizotoka ng'ambo, ambazo siku ya tatu zinachomwa uani na moshi wake watoto wanauvuta. Shule zetu za ufundi zingeweza kufundisha fremu na wavu kwa gharama ya ubao na chandarua chakavu. Sijaona inayofanya hivyo huku kwetu.

Karatasi ya nyuzi hizi, za tembo au za mgomba, hufaa kadi za salamu na za mwaliko, majalada ya madaftari, albamu za picha, bahasha, vifuniko vya taa, vyeti. Kwa kuandikia, tumia kalamu ya kawaida ya risasi au ya bolpeni. Wino wa maji husambaa kwenye nyuzi. Wakati wa masika ihifadhi mbali na ukuta, maana hunyonya unyevu haraka.