Majina ya Vilele na Mito katika Ramani ya Rwenzori

Ramani ya mlima ina kazi mbili: kupima na kutaja. Kazi ya kupima Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ilifanywa barabara kwa mara ya kwanza mwaka 1906, katika msafara wa Luigi Amedeo di Savoia wa Italia. Stanley alikuwa ameutangaza mlima huo Ulaya baada ya kuuona mwaka 1888, lakini ukungu ulikuwa umeficha idadi ya vilele na mahali yagawanyikapo maji.

Wapimaji waliainisha makundi sita ya vilele vyenye barafu, na yote yamechapishwa kwa majina ya wageni: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele kirefu kupita vyote, mita 5,109, kiliitwa Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Mito, kinyume chake, ilibaki Mubuku, Bujuku na Nyamwamba. Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Wakonzo hulima mabondeni, na wawindaji wao walifuata mito hadi kwenye mapango ya juu. Mto wa namna hiyo haukosi jina. Juu ya barafu hapakuwa na shamba wala njia, na yaelekea mgeni alidhani kwamba asichotajiwa hakina jina. Hata hivyo Kikonzo kina neno lake la theluji, nzururu, ilhali Kiswahili, lugha ya pwani, kililiazima neno theluji kutoka Kiarabu.

Tahajia nayo yataka kuangaliwa. Ramani za zamani zaandika Ruwenzori na Mobuku. Siku hizi huandikwa Rwenzori na Mubuku, karibu zaidi na matamshi ya wenyeji.

Faida kubwa ya upimaji huo ni kuonyesha mwendo wa maji. Mubuku hushuka mashariki hadi Ziwa George; maji yake hupita mkondo wa Kazinga, huingia Ziwa Edward, kisha hutoka kwa mto Semliki. Maji ya magharibi huingia Semliki bila mzunguko huo. Yote hufika Ziwa Albert, na hatimaye Nile. Mgongo wa mlima, basi, huyagawa maji ambayo baadaye hukutana tena.

Lakini mafuriko ya Nyamwamba ya 2013 na 2020 yalisukuma mawe makubwa na kula kingo zake, na barafu ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia imekwisha kabisa. Ramani hiyo itahitaji kuchorwa upya, na safari hii wazee wa Kikonzo waulizwe majina kabla ya wino kukauka.